Mkia wa Waya

Kitu kidogo kilianguka kwenye kisosi, kikalia ting, kikanyamaza. Baada ya kitambo kikalia tena. Giza lilikuwa bado halijaondoka dirishani. Nilibaki kitandani nikisikiliza. Nyumba yangu naijua kwa sauti: bomba la jikoni hudondosha, friji hukohoa, mlango wa stoo hulalamika upepo ukipita. Hii haikuwa mojawapo. Mara ya tatu nikasikia mtu akinong'ona, "Ah, wewe nawe!" kama anavyoambiwa mtoto mtundu, nikajua ni mkwe wangu. Nikajitupia shali begani, nikaenda.

Alikuwa ameketi kwenye meza ya jikoni chini ya taa, amevaa suruali ya kazi na fulana. Mbele yake palikuwa na kisosi, bisibisi ndogo, kibano, koleo la kukatia lenye midomo myembamba, na kifurushi cha pamba. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefungwa bendeji, vinene kama mishumaa. Yeye ni fundi wa lifti, na wiki iliyotangulia mlango wa lifti ulimbana. Kazini hawakumpa hata siku moja ya kupumzika. Yeye mwenyewe alitania kwamba vidole havina likizo, likizo ni ya mtu mzima.

Huyu alimwoa binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Binti yangu alifariki, mwaka wa tatu sasa. Tangu hapo mkwe wangu huja kwangu kila Jumapili, tunakula, analala chumba cha nyuma, na Jumatatu alfajiri anaondokea hapa kwenda kazini. Mimi kwake sijakanyaga tangu siku ya mazishi. Hajawahi kuniuliza kwa nini, na kutoniuliza kwake nimekuhesabu siku zote kuwa ni wema.

"Umeamka mapema, baba," nilimwambia.

"Nimekuamsha, Mama. Samahani. Nilidhani nafanya kimyakimya."

"Kimyakimya gani? Umeangusha bisibisi mara tatu."

"Mara nne. Moja iliangukia gotini."

Alikuwa akihangaika na ile vepu yake, kifaa cha betri cha kuvuta mvuke badala ya moshi. Mimi naiita filimbi, kwa sababu ni kibomba cha shaba chenye urefu wa kiganja, na huiweka mdomoni huku amefumba macho kama mpiga muziki. Binti yangu alipokuwa mgonjwa alimwomba mumewe jambo moja tu: aache sigara. Wakati huo alikuwa akivuta pakiti mbili kwa siku, hata mapazia yao yalinuka. Aliacha, akaangukia kwenye filimbi. Sisemi ni kitu kizuri. Daktari alimwambia waziwazi kwamba kifua hakikuumbiwa moshi wala mvuke. Lakini sigara hajagusa tena, na mimi nilijua ni nani anayemtimizia ahadi.

Ndani ya filimbi, juu, mna kijiwaya kilichosokotwa kama springi ya kalamu. Ndiyo koili. Inapata moto, inakausha maji yale ya harufu yaliyoloweka pamba, na mvuke unatoka. Koili ikichakaa mvuke unanuka kama nguo iliyoungua kwa pasi. Duka lililokuwa likimuuzia zilizo tayari lilifungwa, akaanza kujifunza kuzitengeneza mwenyewe. Alikuwa na mwezi mmoja tu katika elimu hiyo. Sasa vidole vyake viwili vilikuwa kifungoni, na koili ya zamani ilikuwa imekufa tangu jana mchana. Jana jioni nilimwona amesimama dirishani akimtazama jirani akivuta sigara barazani. Alimtazama mpaka ikaisha.

"Lete hapa," nikasema.

"Mama, hii si nguo."

"Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano kabla wewe hujaota meno. Lete."

Akacheka, akanisogezea bisibisi. Lakini kabla hajaniachia waya, aliacha kucheka.

"Nisikilize kwanza. Filimbi hii ni ya kizamani, haina ubongo. Zile nyingine zina kinga ndani, kukiwa na hitilafu zinajizima zenyewe. Hii ni betri, kitufe na bomba, basi. Waya ukigusa chuma usichotakiwa kugusa, na kitufe kikabonyezwa, umeme wote unatoka kwa mkupuo mmoja. Betri inachemka."

"Ikichemka?"

"Inapasuka. Ikiwa mfukoni, inapasukia mfukoni." Akajigusa kifuani, upande wa kushoto, anapoiweka. "Ndiyo maana kuna pete hii. Ukiizungusha, kitufe hakibonyezeki."

Nilimwambia kitu kama hicho singekiweka hata stoo. Akasema, "Na lifti je? Unaingia ndani ya sanduku linaloning'inia kwa kamba." 

Basi tukaanza. Kazi yenyewe, nikiri, ilinipendeza. Nilishika ncha ya waya kwa kidole gumba juu ya shina la bisibisi, nikauzungusha mara sita, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana. Ni kama kuzungushia uzi mguu wa kitufe cha koti. Ikatoka koili nzuri, imenyooka, miguu miwili inaning'inia kwa urefu sawa. Kwenye kichwa cha filimbi mna vijiguzo viwili vyenye matundu. Nikapitisha kila mguu katika tundu lake, nikakaza skrubu.

"Sasa kata miguu inayobaki nje," akasema. "Karibu kabisa na nguzo, Mama. Isibaki kitu."

Nilikata mmoja mbele ya macho yake. Kipande kikarukia kisosini. Akatazama saa ya ukutani, akaguna, akaenda kuvaa shati la kazi na viatu. Wa pili nikaukata peke yangu.

Akarudi, akafungia kichwa kile kwenye kijipimo chake cha umeme, akasoma namba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakirudisha kwenye filimbi, akabonyeza kitufe kidogo, akaachia. Koili ikaiva kuanzia katikati, nyekundu, ikaenea pembeni taratibu. Nilirudi nyuma hatua mbili. "Usiogope," akasema, "ikianzia katikati ina afya." Kisha nikapitisha pamba. Akanifundisha: ikikaza sana maji hayapiti, ikilegea sana inaungua, ukiivuta iwe inasitasita kidogo tu. Nikakata ncha zake, nikazichomeka chini, akadondoshea maji. Akavuta mkupuo mmoja bila kifuniko kinachovikwa juu ya koili, jikoni kwangu pakanuka mdalasini, na mabega yake yakashuka. Nilifurahi kuyaona yakishuka.

"Mikono ya dhahabu," akasema. "Nikikuajiri utataka kiasi gani?"

"Uoshe vyombo."

"Jumapili ijayo!" Akachomeka kifuniko, akachukua begi lake na mkanda wake wa usalama, ule mkanda mpana wa kuvuka kifua ambao huvaa akiwa ndani ya shimo la lifti. Alikuwa mlangoni, filimbi mkononi, kidole gumba kwenye ile pete, nilipomwita.

"Kola yako imekunjika. Njoo."

Akarudi, akainama kama mtoto wa shule. Nikamnyooshea kola. Akaitia filimbi mfukoni, akaondoka akikimbia.

Niliosha vikombe, nikafungua dirisha, nikaketi kwenye cherehani. Nilikuwa na blauzi ya mwalimu wa jirani, imebaki vifungo. Nikashona cha kwanza, nikafunga fundo, nikachukua mkasi. Nikakata uzi, nikauachia mkia wa kama punje ya mchele. Nimefanya hivyo miaka arobaini na tatu. Uzi ukikatwa kwenye fundo, fundo hufunguka. Lazima uuachie mkia. Wasichana wote niliowafundisha ushonaji niliwagombeza kwa hilo mpaka wakaliota usingizini.

Niliutazama ule mkia juu ya blauzi. Mkasi ukanitoka mkononi.

Nikaenda jikoni. Kisosi kilikuwa pale pale, na ndani yake vipande viwili vya waya. Miguu ya koili ilikuwa na urefu sawa, nilikuwa nimeipima kwa jicho, na jicho langu halidanganyi kwa urefu. Nikavilaza vipande vile kando kwa kando juu ya meza. Kimoja kilikuwa kifupi kuliko chenzake kwa punje ya mchele.

Ile punje ilikuwa imebaki kwenye filimbi. Hata nikakumbuka jinsi nilivyoulaza mkia ule upande wa nje kwa ncha ya koleo, vizuri, ili usichome mtu. Upande wa nje ndiko kinakopita kifuniko. Na kifuniko ni cha shaba.

Lakini tulipima, nikajiambia. Namba ilikuwa nzuri, koili iliwaka ikiwa na afya. Nikashika meza. Tulipima kifuniko kikiwa hapa mezani, karibu na sukari. Aliweka kifuniko mwisho, akiwa amesimama, akakimbia. Na pete? Kidole chake kilikuwa kwenye pete nilipomwita kwa ajili ya kola.

Nilipiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Ndani ya shimo la lifti hakuna mtandao, aliniambia mwenyewe, huko hata dua inapanda kwa ngazi. Nilikuwa namwona akivaa ule mkanda mpana, akiuvuta kifuani ukaze, juu ya mfuko.

Sikumbuki nilivyofunga mlango. Nakumbuka nilikuwa barabarani na viatu vya ndani, nimeshika mkoba na lile koleo. Jengo anamotengeneza lifti wiki hii nalijua, ni lile la ofisi lenye vioo vya kijani, mwendo wa nusu saa kwa miguu yangu. Nilikimbia kama wanavyokimbia wazee, yaani nilitembea huku nahema. Gari la mikate likasimama kando yangu. Dereva wake niliwahi kumshonea viti vyake vilipopasuka.

"Bibi, nani anakufukuza?"

"Nipeleke kwenye jengo la vioo vya kijani."

Hakuuliza la pili. Aliruka maduka matatu yaliyokuwa yakingoja mikate. Njiani aliona ninatetemeka, akawasha kipasha joto, ingawa asubuhi haikuwa na baridi yoyote. Nilikuwa nimebana koleo magotini, natazama kila mtu aliyesimama mbele ya jengo lolote. Nilitafuta moshi. Nilitafuta watu waliokusanyika.

Mbele ya vioo vya kijani hapakuwa na mtu. Ndani, mlinzi alikuwa ameketi chini ya kibao: LIFTI IMEFUNGWA, TUMIA NGAZI.

"Leo lifti imelazwa, Bibi," akasema. "Daktari wake yuko juu."

"Huyo daktari ndiye ninayemtaka. Ghorofa ya ngapi?"

"Ya saba. Keti, umpigie simu."

"Simu haipatikani. Una namna yoyote ya kumwita?"

Alinitazama usoni, akaacha mzaha. Akaenda kwenye mlango wa lifti, akaita jina la kazi, "Fundi! Fundi!" mdomo ukiwa kwenye mwanya. Kutoka juu kukajibu mlio wa nyundo, pole pole, kama moyo wa mtu mwingine. Hakuna aliyesikia. Nikashika kikingo cha ngazi.

Mama mmoja wa usafi alikuwa anapiga deki ngazi za chini. Alisimamisha ufagio wake wa deki, akanichukua mkoba bila kuniuliza, akanishika kiwiko. "Twende wote, mama. Usiongee, pumzi itunze." Ghorofa ya kwanza, ya pili. Nyundo ilikuwa ikilia ndani ya ukuta, na kila ilipolia nilipumua, kwa sababu mtu anayepiga nyundo yu hai. Ghorofa ya nne nyundo ikanyamaza.

Tukasimama wote wawili. Nikasikiliza. Kisha kukatoka kishindo kimoja kikubwa, PAA! kikateremka ndani ya ukuta mpaka chini.

 Niliketi kwenye ngazi iliyolowa. Sikulia. Nilifikiri tu kwamba nitamwambia nini binti yangu. Kwamba alimwacha mumewe mikononi mwangu, na mimi nimemuua kwa mkia wa uzi.

"Ni mlango," mama wa usafi alisema sikioni mwangu. "Mama, ni mlango wa chumba cha mashine, juu. Upepo unaubamiza hivyo tangu asubuhi. Sikia."

Nyundo ikaanza tena. Aliniinua kwa kwapa kama gunia, tukapanda.

Ghorofa ya saba mlango wa lifti ulikuwa wazi, na pembeni alichuchumaa mwenzake na mkwe wangu, mtu mwembamba wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Ndani ya shimo, juu ya paa la lifti, mkwe wangu alikuwa amepiga magoti, mgongo kwetu, anafikia kitu mbele yake. Mkanda ulikuwa umemvuka kifua. Kila alipojinyoosha ulikaza.

"Usiiname!" nikapiga kelele.

Akageuka. "Mama? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Nyanyuka polepole. Usiguse kifua."

"Jamani," Redio akaanza, "leo tumetembelewa na—"

"Nyamaza, wewe!" nikamwambia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, nadhani, akanyamaza. "Nimeacha mkia, baba. Kwenye waya. Mguu wa pili. Na kifuniko hatukupimia. Pete umefunga?"

Niliona uso wake ukielewa. Rangi ilimtoka.  Alifungua kishikizo cha mkanda kwa mkono wa kushoto, taratibu, akaushusha mbali na mfuko kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda. Akaingiza vidole viwili mfukoni. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Filimbi ikatoka. Akaigeuza, akaitazama pete.

"Haijafungwa," akasema kwa sauti ndogo.

Akafungua kitako, betri ikateleza kiganjani mwake. Akashtuka, akataka kuitupa, akajizuia.

"Ya moto?"

"Ina joto." Akaigeuza taratibu. "Kama saa moja iliyopita nilihisi joto hapa kifuani. Kidogo tu, likapita. Nikadhani ni jasho."

Redio alileta ndoo ya mchanga iliyokuwa kando ya mlango, akaishikilia kwa mikono miwili, na betri ikawekwa humo peke yake. Sote wanne tukaitazama kama inayotaka kusema. Haikusema. Ndipo mkwe wangu alipong'oa kifuniko, akakiinamisha kwenye mwanga. Ndani yake, kwenye shaba, palikuwa na alama nyeusi ndogo, kubwa kama kichwa cha pini. Waya wangu ulikuwa umeshagusa. Mkanda ulikuwa umeshabonyeza, mara moja, kitambo cha kupepesa jicho, ukaachia.

Akatoka shimoni, akaketi kwenye ngazi.  Nikaketi kando yake na viatu vyangu vya ndani vilivyolowa.

"Ni mimi," nikasema. "Uliniambia karibu kabisa. Mkono ulikata kwa mazoea."

"Ni mimi niliyepima bila kifuniko. Fundi mzima! Na pete sikuifunga."

"Nilikuita kwa ajili ya kola."

"Kola haina kosa, Mama."

"Familia hii," Redio akasema, sauti imemrudia, "hata kosa wanagombania." Akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akaigonga, moja ikachomoza. "Shika, kaka. Vuta moja, roho itulie. Leo nani atakulaumu?"

Hofu ilikuwa haijaniisha, na sasa ikageuka upande mwingine. Mkwe wangu aliitazama ile sigara. Aliitazama kama alivyomtazama jirani dirishani. Mama wa usafi, ambaye hakujua lolote la habari zetu, aliniminya kiwiko. Labda aliona nilivyozuia pumzi. Nilimwachia yeye. Ahadi haikuwa yangu.

"Irudishe," mkwe wangu akasema mwishowe. "Kuna mtu atanilaumu."

Redio akairudisha. Mkwe wangu akanyoosha kiganja. "Mama, hilo ni koleo langu?"

Nilikuwa bado nimelishika. Akashikilia kichwa cha filimbi kwenye mwanga wa dirisha, nami nikaukata ule mkia, karibu na nguzo, mpaka ukucha wangu ulipopita juu yake bila kukwama. Kipande kikaanguka, hatukukitafuta. Lakini hakuiweka betri. Alisema betri ile imekwisha, haitumiki tena, na kama atarudia filimbi yenyewe atafikiria, na kama atafikiria atatafuta yenye ubongo. Akafunga vipande kwenye kitambaa, akavitia mkobani mwangu.

"Hivi vikae kwako," akasema.

Alinishusha ngazi mwenyewe, mkono wake wenye bendeji chini ya wangu. Tuliteremka taratibu. Ghorofa ya nne nikamwonyesha mahali nilipoketi, akaigusa ile ngazi kwa ncha ya kiatu. Chini, mlinzi alikuwa ameninunulia maji ya chupa, na gari la mikate lilikuwa bado linangoja mlangoni, dereva amelalia usukani.

"Umenifuata wewe leo," mkwe wangu akasema. "Miaka mitatu mimi ndiye nakuja."

"Najua."

"Mapazia uliyoshona bado yapo. Niliyafua, hayanuki tena sigara." Alikuwa ananyoosha ukingo wa shali yangu, ingawa haukuwa umekunjika. "Jumapili hii usipike, Mama. Njoo nyumbani. Hakuna ngazi hata moja."